"Volunteer" si mtu wa bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya neno moja la Kiingereza. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Korogwe. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 36, na neno "volunteer" nimeliandika ubaoni mara nyingi mno. Kila mara niliweka tafsiri ile ile pembeni yake: mtu wa kujitolea. Wanafunzi walinakili, nikafuta ubao, tukaenda kwenye neno linalofuata. Sikujua kwamba siku moja neno hilo lingeingia nyumbani kwangu likiwa na mhuri wa shule na saini ya mwanangu chini yake.

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapa tangazo la shule moja ya sekondari inayotafuta "volunteer teachers" watatu. Mwombaji awe na shahada ya ualimu, awe na uzoefu wa mwaka mmoja, awe tayari kufundisha vipindi 28 kwa wiki, kusimamia masomo ya usiku na kuishi karibu na shule. Mshahara haukutajwa popote. Mstari wa mwisho ulisema mwombaji aelewe kuwa nafasi hizi ni za kujitolea. Nilisoma tangazo lile mara mbili, kisha nikalikata kwa mkasi nikaliweka ndani ya Biblia, kwa sababu nilijua nitakuandikia.

Mwanangu wa tatu alihitimu ualimu mwaka 2021. Ajira hajapata bado. Tangu Januari ya mwaka juzi anafundisha kemia na baiolojia kwenye shule ambayo sitaitaja, na kwenye karatasi zao anaitwa "volunteer". Anatoka hapa saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Bodaboda ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Mchana anakula makande pamoja na wanafunzi. Miezi mingine anapewa bahasha ya shilingi 50,000 iliyoandikwa "sabuni", miezi mingine hapewi kitu, na hakuna anayemweleza kwa nini. Anaingia vipindi 26, anasahihisha madaftari ya mikondo miwili, na siku za mitihani yeye ndiye wa mwisho kutoka.

Mwezi wa tano mjukuu wangu aliugua malaria, akalazwa. Mama yake, ndiye mwanangu huyo, alikaa naye wodini siku tatu. Alipiga simu shuleni siku ya kwanza, hakupokewa, akatuma ujumbe. Aliporudi kazini aliambiwa aandike barua ya kujieleza kwa kosa la utoro. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba yeye si mwajiriwa. Mkuu wa shule akafungua kabati, akatoa faili, akamwonyesha fomu. "Wewe si ulijitolea mwenyewe? Kuna mtu alikulazimisha? Saini hii ni ya nani?" Mwanangu akaandika barua ya kujieleza. Mwisho wa mwezi ule ule alikwenda kuomba nauli, walau nusu yake, maana fedha zote zilikwishia hospitali. Jibu alilopewa ni sentensi moja: "Volunteer halipwi."

Nataka wasomaji wako waone jinsi neno hilo lilivyotumika katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza lilimfunga: kwa kuwa ulitaka mwenyewe, huna ruhusa ya kukosa. Mara ya pili lilimnyima: kwa kuwa ulitaka mwenyewe, huna cha kudai. Usiku ule alinionyesha picha ya fomu kwenye simu. Nilivaa miwani, nikaikuza ile picha kwa vidole viwili, nikasoma Kiingereza chake pale jikoni mstari kwa mstari. Ilisema anatoa huduma yake kwa hiari, hatadai malipo ya aina yoyote, na atafuata saa za kazi na maelekezo yote ya uongozi. Vyote hivyo viko ndani ya sentensi moja, kana kwamba la kwanza ndilo linalozaa la pili na la tatu. Kama mwalimu wa lugha hiyo, nasema kwa uhakika kwamba halizai.

"Volunteer" linatokana na Kilatini. Mzizi wake ni "velle", kutaka, na "voluntas", yaani utashi, matakwa ya mtu. Lilipitia Kifaransa, likaingia Kiingereza karibu na mwaka 1600. Mlango lililoingilia ulikuwa wa jeshi. "Volunteer" alikuwa mtu aliyekwenda vitani kwa kutaka mwenyewe, tofauti na aliyekamatwa akapelekwa. Kinyume chake hakikuwa mtu anayelipwa. Kinyume chake kilikuwa mtu aliyeshurutishwa.

Hapo ningependa tukae kidogo, kwa sababu jeshi la majini la Uingereza katika karne ya 18 linaonyesha jambo hili vizuri. Walipohitaji mabaharia wa kupigana, walikuwa na vikosi vya kukamata watu bandarini na kwenye meli za biashara. Mtu anatoka kilabuni, anadakwa, anaamkia melini. Lakini walikuwepo pia waliojiandikisha wenyewe. Kwenye daftari la meli kila baharia aliandikwa alikujaje: huyu alikamatwa, huyu ni "volunteer", na neno lenyewe lilifupishwa kuwa herufi tatu, "Vol". Sasa msikilize huyu "volunteer" alipata nini. Alipata fedha ya kujiunga, na alipata mshahara wa miezi miwili mkononi kabla meli haijang'oa nanga. Aliyekamatwa hakupata ile fedha ya kujiunga. Kwa hiyo aliyeitwa "volunteer" ndiye aliyepokea zaidi, maana alistahili shukrani kwa kuja bila kuburutwa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu akishakamatwa, mara nyingi alipewa nafasi ya kusema kwamba amejiunga kwa hiari. Meli haimwachii, safari ni ile ile, lakini akikubali kuandikwa "Vol" atapata fedha. Wengi walikubali. Ndiyo maana wanahistoria wakifungua madaftari yale leo hawawezi kujua kwa yakini nani alitaka na nani alishikwa na baadaye akatia saini. Nilipokumbuka hilo niliitazama tena saini ya mwanangu kwenye simu. Yeye alisaini kwa kuwa ajira haipo, na kwa kuwa aliambiwa wenye uzoefu watafikiriwa kwanza. Hata baharia wa karne ya 18 alilipwa kwa saini yake.

Wala maana hii ya kijeshi haijafa. Marekani ilikoma kuandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973, na tangu hapo jeshi lao lote huitwa jeshi la "volunteers". Askari wao wana mshahara, nyumba, matibabu na pensheni. Hakuna Mmarekani anayesoma maneno hayo akadhani askari wake anapigana bure. Jimbo la Tennessee huitwa kwa jina hilo hilo, kwa sababu ya watu wake waliojitokeza kwa wingi vita vilipotangazwa katika karne ya 19, na wachezaji wa chuo kikuu chao huvaa jina hilo uwanjani hadi leo. Ni jina la sifa. Linamsifu mtu kwa kujitokeza, halisemi lolote juu ya mfuko wake.

Sisi wenyewe tunayo maana hii, na tunaijua bila kufundishwa. Mwaka 1982 nilipomaliza kidato cha sita nilipelekwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Ruvu. Tulikuwa makundi mawili. Sisi wa shuleni tulikuwa vijana wa mujibu wa sheria, maana sheria ndiyo iliyotufikisha pale, utake usitake. (Mpango wetu ulisitishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013, na jina ni lile lile.) Wenzetu walikuwa vijana wa kujitolea. Hao waliomba wilayani kwao, wakachujwa, wakaja. Tulikimbia mchakamchaka mmoja, tukalima bustani moja, tukapanga foleni moja ya posho, ndogo kwa wote. Katika hanga letu, kitanda cha juu yangu alilala msichana kutoka Singida, wa kujitolea. Siku tukilalamika juu ya jembe au juu ya afande, yeye alikuwa anatuambia kwa majivuno, "Nyie mmeletwa. Mie nimekuja." Sijasikia mtu akilifafanua neno "volunteer" vizuri kuliko binti yule, na Kiingereza hakukijua. Wala haikumpitia mtu yeyote pale kambini kwamba wa kujitolea maana yake ni yule wa kunyimwa posho.

Kweli, Kiingereza kina maana ya pili, nami sitaki kuificha. Kadiri miaka ilivyokwenda neno lilitoka jeshini likaingia kwenye kazi za huruma: hospitali, zimamoto, shule za Jumapili, vituo vya maafa. Huko ndiko lilikoanza kushikana na kutolipwa. Chama cha Msalaba Mwekundu kina misingi saba iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, na mmoja wake ni huu wa kutoa huduma kwa hiari bila kusukumwa na tamaa ya faida. Mimi nawaheshimu watu hao sana. Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika nyumba za Katesh, niliwaona kwenye televisheni vijana wenye fulana za msalaba wakichimbua kwa koleo mahali ambapo watu walikuwa wamelala usiku. Hao walitaka, na walitoa. Neno linawatosha pande zote mbili. Lakini tazama: tope likishaondolewa, kijana yule anarudi nyumbani kwake. Hakuna anayemwandikia barua ya utoro.

Hata katika maana hii ya pili, Kiingereza hakikuwahi kusema kwamba mtu afe njaa. Mwaka 1979, nikiwa kidato cha tatu, tulifundishwa na Mwingereza kijana aliyekuja kwa mpango wa kujitolea. Tulimwita "volunteer" na yeye mwenyewe alijiita hivyo. Alikuwa na nyumba ya shule yenye tangi la maji, alikuwa na fedha ya kujikimu kila mwezi, matibabu yake yalikatiwa bima, na tiketi ya kurudi kwao ilikuwa imelipwa tangu siku alipoondoka. Wamarekani nao, Rais Kennedy alipounda Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wao. Walikuja wapima ardhi na wahandisi wa barabara. Waliitwa "volunteers". Waliishi kwa posho iliyolingana na maisha ya hapa, na kwa kila mwezi waliotumikia waliwekewa dola 75 kwao, ili wakirudi wapate pa kuanzia. Mtu aliyetoka mbali kuja kutusaidia kwa hiari alihesabiwa kuwa anahitaji kula, kulala na kurudi. Binti aliyezaliwa Korogwe anayefundisha watoto wa Korogwe, kwa jina hilo hilo, anahesabiwa kuwa hahitaji hata nauli ya bodaboda.

Kwao sheria nayo imelikazia macho neno hili. Uingereza, sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1998 ilitenga kundi la wasaidizi wa hiari, lakini kwa masharti: wawe wa taasisi za hisani na nyingine za namna hiyo, na warudishiwe gharama zao za kweli tu. Ukimbana mtu kwa zamu na adhabu kama mfanyakazi, mahakama inaangalia kilichotendeka, haiangalii jina ulilompa. Marekani, sheria yao ya kazi ya mwaka 1938 hairuhusu mtu kujitolea bure kwenye kampuni binafsi ya kutafuta faida. Yaani wenye lugha yao wameona hatari ya neno wakaliwekea uzio. Sisi tumelichukua neno bila uzio wake.

Ukitaka kujua kama neno "hiari" lenyewe lina maana ya bure ndani yake, nenda kwenye benki ya damu. Tunasema mchangiaji damu wa hiari, na tunamtofautisha na ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa alete chupa mbili ndipo mgonjwa wake apasuliwe. Huyo ndugu naye hakulipwa. Tofauti yao ni kutaka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likimtaja mchangiaji wanayemtamani halitosheki na kusema "wa hiari". Linaongeza "asiyelipwa". Ni maneno mawili, kwa sababu ni mambo mawili. Kama "wa hiari" lingekuwa limebeba "asiyelipwa" tumboni mwake, lile la pili lingeandikwa kwa nini?

Sasa nirudi kwenye ubao wangu na ile tafsiri niliyoandika kwa miaka 36. Kujitolea ni neno zuri, lakini lijengwe tulione. Mzizi ni "toa". Ukilitia kauli ya kutendea linakuwa "tolea". Ukilitia "ji" mtu anajitoa nafsi yake kwa ajili ya kitu. Kiswahili hapa kinatazama kile kilichotoka mkononi. Kiingereza kinatazama kile kilichokuwa moyoni. Neno lao linauliza, je, ulitaka? Neno letu linauliza, je, umetoa nini? Katika maisha ya kawaida tofauti hiyo haina madhara. Lakini tajiri wa kazi akilitumia, lile swali la kutaka linapotea kabisa, linabaki la kutoa, na kutoa hakuna mwisho. Umetoa Januari, toa Februari. Umetoa mchana, toa na usiku.

Jambo moja la sarufi hunisumbua. Siku hizi Waingereza na Wamarekani wanaweza kusema mtu "was volunteered", yaani mwingine kamtaja jina lake kwenye kikao akabebeshwa kazi. Wamefika mpaka kuunganisha neno hili na neno la kuambiwa wakapata jipya la mitaani, "voluntold", la mtu aliyeamriwa kujitolea. Kiswahili hakikubali. Jaribu kusema "amejitolewa". Ulimi unakwama, kwa sababu "ji" ni mlinzi: tendo hili mtu hufanya mwenyewe, hafanyiwi. Unaweza kusema "ametolewa", na hilo ndilo neno la kweli kwa mwalimu aliyewekwa kwenye ratiba ya usiku bila kuulizwa. Sarufi yetu imekataa jambo ambalo shule zetu zinalifanya kila muhula.

Wazee wetu nao walijua mpaka ulipo. Kuna methali isemayo hiari yashinda utumwa. Tazama walichokiweka upande wa pili wa mizani. Ni utumwa, wala si mshahara. Na kwetu Upareni, ninakotoka, kulikuwa na msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara ya kwenda zahanati. Hakuna aliyelipwa, na asiyekuja alitozwa faini, pengine mbuzi. Mama yangu hakuuita msaragambo kujitolea hata siku moja. Alisema "tumeitwa". Alikwenda kwa moyo, lakini alijua ameitwa, na jina lilikuwa wazi, kwa hiyo hakuna aliyedanganyika. Maji ya mfereji ule yalifika shambani kwake. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa mwaka 1930 unaielezea kazi ya shuruti kwa mambo mawili: mtu anafanya kwa kutishiwa adhabu, na hakujitoa kwa hiari yake. Malipo hayatajwi. Hata hapo kinachopimwa ni kutaka.

Kuna maana nyingine mbili za "volunteer" ambazo sikuwahi kuzifundisha, kwa kuwa hazimo kwenye mtihani. Ya kwanza ni ya shambani. Mmea ulioota wenyewe kutoka mbegu iliyodondoka msimu uliopita, Waingereza huuita "volunteer". Sisi tunasema umejiotea, na bwana shamba huiita mimea hiyo maotea. Kujiotea na kujitolea, utadhani mtoto kakosea herufi! Nyuma ya jiko langu kuna mahindi matano ya namna hiyo katikati ya maharage. Hayakupandwa, hayakutiwa mbolea, yamesimama kwa umande tu. Bwana shamba alinishauri niyang'oe, kwa sababu maotea hutunza wadudu na magonjwa mpaka msimu ujao. Nayatazama kila asubuhi nikichota maji. Mwanangu hakujiotea. Alipandwa. Alisomeshwa kwa mkopo wa serikali ambao bado unamngoja, na kwa kiinua mgongo changu.

Ya pili nilielezwa na mpwa wangu anayesoma sheria. Kanuni za usawa za mahakama za Uingereza, ambazo pamoja na sheria nyingine zao zilipokelewa nchini hapa kwa tarehe ya 22 Julai 1920, zina msemo kwamba usawa haumsaidii "volunteer". Nikamuuliza, "volunteer" gani tena huyo, baba? Akasema, Mama mkubwa, kwenye sheria hiyo "volunteer" ni yule aliyepokea kitu bila kutoa chochote badala yake. Aliyepewa ahadi ya zawadi, kwa mfano, halafu zawadi haikukamilika, hawezi kwenda kulia mahakamani, maana hakutoa kitu. Nilimwomba arudie. Aliyepokea bila kutoa. Basi kwa Kiingereza cha mahakama, kati ya mwanangu na shule ile, aliyepokea vipindi 26 kwa wiki kwa zaidi ya miaka miwili bila kutoa kitu ni nani? "Volunteer" pale ni shule.

Mhariri, sisemi watu waache kujitolea. Mimi mwenyewe kila Jumamosi nafundisha kusoma watoto kumi na wanne chini ya mwembe wa kanisa, na yeyote atakayenipa fedha kwa kazi hiyo nitamrudishia. Siku nisipojisikia, nawaambia watoto wasije. Hiyo ndiyo tofauti, ninayo mkononi mwangu. Wala sisemi shule zote ni tajiri. Zipo ambazo hazina kitu kweli, na walimu wakuu wake wanajua aibu ya kumwambia mtu afundishe kwa makande. Lakini Ibara ya 23 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayefanya kazi anastahili kupata malipo ya haki, na Ibara ya 25 inasema hapatakuwa na kazi ya shuruti. Mtu akibanwa kwa ratiba, kwa mahudhurio na kwa barua za utoro, huyo anafanya kazi. Tumwite anavyostahili kuitwa. Wenzetu Kenya, mwaka 2023, walipokubali kuwapa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, walibadilisha na jina lao: neno "volunteer" likaondolewa. Fedha yenyewe ni ndogo. Lakini walielewa kwamba jina lile likibaki, litaila ile posho.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo, na liko ndani ya uwezo wa chumba chako cha habari. Tangazo likiletwa linatafuta "volunteer" au mtu wa kujitolea, mwulizeni mwenye tangazo mambo mawili kabla hamjalichapa: mtu huyu anaweza kukataa kipindi bila kuadhibiwa? Na atapewa nini kwa nauli na chakula? Akiweza kukataa, andikeni "wa hiari", na kama halipwi andikeni "asiyelipwa", yote mawili, kama wanavyosema watu wa kuchangia damu. Asipoweza kukataa, andikeni "mwalimu wa muda asiye na mshahara". Maneno hayo ni marefu na yanachukua nafasi, najua. Acha mwenye tangazo alipie nafasi hiyo, na ayasome yakiwa yamechapwa na jina la shule yake juu.

Mimi na mwanangu tulikaa mezani Jumapili tukaandika fomu ile upya, kwa Kiswahili. Tumeweka vipindi kumi na viwili kwa wiki, ambavyo ndivyo anavyoweza kuvitoa kwa moyo, tumeweka shilingi 3,000 ya nauli kwa kila siku atakayokwenda, na tumeweka kwamba mtoto akiugua atapiga simu, basi. Neno "volunteer" halimo. Aliipeleka Jumatatu ndani ya bahasha ya kaki, mkuu wa shule akaipokea, akasema ataisoma. Leo ni Alhamisi. Asubuhi hii kaondoka saa kumi na mbili kasoro robo kama kawaida, kidato cha nne wana jaribio la vitendo la kemia na yeye ndiye aliyepima asidi jana jioni.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga